Leva Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka mikono inaniwasha. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimekunja nguo zilizokwisha kunjwa. Kukaa siwezi!

Binti yetu kapiga simu tena. Atakuja Jumapili tuanze kufunga vitu, tuhamie kwake. Baba anahitaji uangalizi, anasema, na shamba la nyuma limeshakuwa pori. Kweli limekuwa pori. Nikamwambia trekta itatengenezwa, nitalima mwenyewe. Akacheka. Mama, wewe ni mshona nguo!

Haya. Tutaona.

Kile kinyanyuzi — mikono miwili ya chuma ya kufunga nyuma ya trekta, ya kunyanyulia plau — kiko chini ya kitanda cha wageni tangu mwaka juzi. Mume wangu alikitoa kwa muuza vyuma chakavu wiki mbili kabla ya kiharusi. Nimekiburuta mpaka bandani. Uzito wake, usiseme.

Jumanne, 4 Machi

Nimemtoa mume wangu na kiti chake, nimemweka mlangoni pa banda. Siku hizi ana neno moja tu: bado. Una njaa? Bado. Umeshiba? Bado. Halafu anakasirika, maana silo alilotaka kusema. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia anauburuta. Lakini macho! Macho ni ya fundi yuleyule.

Trekta yenyewe ndogo, kuukuu; injini inawaka, lakini bolti za nyuma zimeliwa na kutu mpaka hazina pembe. Spana inateleza. Nimezimwagia mafuta ya taa, nimezigonga, nimezitukana. Moja ikakatika. Akapiga mkongojo chini — bado! bado! — akanionyesha kwa kidole. Kumbe nilikuwa nakaza badala ya kulegeza. Nikaona haya. Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Alhamisi, 6 Machi

Matundu hayaoani! Kinyanyuzi ni cha trekta ya aina nyingine. Nimezunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikachukua futi yangu ya kushonea. Nikapima, nikakata kielelezo cha karatasi ngumu kama ninavyokata kola, nikatoboa matundu kwa mkasi, nikakibandika kwenye chuma. Vidole viwili nje ya mstari. Basi panahitajika kipande cha bapa la chuma katikati, kichomelewe.

Nimemwendea fundi wa kuchomelea, huyu tunayemwita Cheche. Kakitazama kielelezo, kakigeuza. Mama, nani kakuchorea? Nimejichorea. Akasema vijana wake hawapimi hivi. Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele, mwanamke wa umri wangu!

Ijumaa, 7 Machi

Cheche kaja asubuhi na mashine yake. Bapa limekaa sawasawa. Kisha ikaja habari ya leva, ule mkono mrefu wa kunyanyulia, unaokaa kando ya kiti. Cheche akaushika upande wa kulia, ndipo ulipotengenezewa.

Bado.

Cheche akasogeza nyuma kidogo. Bado! Mbele. Bado! Mume wangu kasimama, anapiga mkongojo kwenye tairi la kushoto. Cheche akaniambia kwa sauti ya chini: Mama, kushoto si kawaida, itabidi nigeuze kila kitu, na wewe unatumia mkono wa kulia. Nikasema mfuate yeye ndiye fundi. Nilisema tu ili atulie. Kageuza. Imechukua mpaka saa tisa.

Nilikuwa naosha vyombo ndipo nikaelewa. Sahani ikanitoka mkononi.

Hakuwa ananifikiria mimi. Mkono wake mzima ni wa kushoto.

Nimekwenda sebuleni, nimekaa mbele yake. Nikamuuliza: unataka kuiendesha wewe? Akautazama mkono wake wa kushoto.

Na breki je? Breki iko mguu wa kulia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimejaribu mimi. Leva ya kushoto inanichanganya, naikosa kila mara. Nilipoinyanyua plau, magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani — roho juu! Nikaishusha kwa kishindo. Mume wangu akauburuta mguu mpaka kwenye lile debe la saruji iliyoganda, akalipiga mkongojo. Nikaelewa: mbele panataka uzito. Nimelifunga debe kwa mnyororo. Sasa inanyanyua na kutulia. Nimelima mistari miwili, imepinda kama mshono wa mtu aliyesinzia.

Binti kapiga simu. Nilitaka kumwambia habari ya leva. Nikamwambia lete sabuni.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimesimama, chumbani. Haraka.

Binti kafika saa tatu na maboksi. Tulikuwa jikoni tunabishana, mimi nasema shamba linalimika, yeye ananihesabia dawa za baba yake kwenye vidole. Tukasikia injini.

Tumetoka mbio. Yuko juu ya kiti! Kapandaje, sijui. Mkono wa kushoto kwenye leva. Plau inapanda, inashuka, inapanda. Anatujaribishia, kama mtu anayeonyesha mali yake. Hajaenda popote. Lile gogo la kuizuia trekta isitembee bado liko mbele ya gurudumu.

Binti kalia. Baba shuka, nakuomba. Mama, mwambie! Zima hicho kitu! Kampigia Cheche, Cheche kasema yuko njiani, msimshushe kwa nguvu.

Mume wangu hakumtazama binti. Kanitazama mimi. Kisha kainama, kanionyesha miguu yake. Ndala.

Ndala! Huyu mtu maisha yake yote hakuwahi kupanda trekta na ndala.

Nikasema ngoja. Nikaingia ndani. Binti anadhani nimefuata simu nimpigie daktari. Simu iko hapa mezani. Viatu vyake vya kazi vilikuwa nyuma ya kabati, vumbi tele, nimevipangusa kwa gauni.

Injini inanguruma. Binti anaita: Mama, unafanya nini huko?

Cha kushoto atavaa mwenyewe. Hiki cha kulia kamba imekatika, nimechomoa ya kiatu changu. Lazima niikaze sana kifundoni, mguu usije ukateleza kwenye breki.