Mji Ambako Hakuna Anayekujua

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Kama umesimama, tafadhali vuta kiti, maana ni ndefu na goti lako nalijua. Linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka dirishani ikuangalie tu? Na mpwa wangu hajambo? Mwambie mjomba wake anamkumbuka sana, na kwamba asiendelee kupekua nyumba kutafuta funguo za stoo, nimezikuta huku kwenye mfuko wa koti langu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mgongo umenisamehe kidogo tangu nilipoacha kuingia chini ya masinki, ingawa hilo la kuacha nitakueleza mbele lilivyokwenda.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hunipi nafasi, Dada. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na mara nyingi unaimalizia kwa kunipa maagizo. Safari hii nina neno ambalo lazima nifike nalo mwisho bila kukatizwa.

Kadi yako bado ninayo kwenye pochi. Mtu mwingine angeandika masharti yake ya mji wa kuhamia kwenye karatasi ya kawaida. Wewe ulichukua kadi ya kliniki iliyobaki kutoka wodini, ukaandika nyuma, na mbele, pale penye tarehe ya matarajio ya kujifungua, ukajaza siku unayotaka tuwe tumehama. Afisa wa uhamiaji aliiona nilipokuwa natafuta pasipoti. Aliisoma, akanitazama usoni, kisha akanitazama tumboni, akanipigia muhuri bila swali. Masharti yenyewe nimeyasoma mpaka nayajua kwa moyo. Kusiwe na ngazi. Hospitali iwe karibu, ila si karibu ya kusikia ving'ora. Na lile la mwisho, ulilolipigia mistari miwili: asiwepo hata mtu mmoja wa kujua kwamba ulikuwa mkunga.

Sharti hilo sijawahi kulibeza. Mimi ndiye niliyekaa chumba cha uani tangu tulipomzika shemeji, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua mlango wetu uligongwa mara ngapi. Najua umekunywa chai nusu kikombe kwa miaka thelathini na nane. Nakumbuka pia ile likizo yetu, tulipoenda mji wa mbali ambako tuliamini hatujulikani, na yule dada wa mapokezi hotelini akatoka mbio nyuma ya meza kukukumbatia kwa sababu wewe ndiye uliyempokea duniani. Kufikia saa kumi jioni wajawazito watatu walikuwa wameketi pale mapokezi wakikusubiri. Siku ile uliniambia kwamba nchi hii imekwisha, tutafute nyingine. Nilicheka, wewe hukucheka.

Basi nimetafuta. Miji mitatu kwa wiki tisa, na kila nyumba nimeipima kwa njia ninayoijua. Wenye nyumba wanapenda kumwonyesha mgeni dirisha na mandhari. Mimi naenda moja kwa moja jikoni, nafungulia bomba, nahesabu mpaka maji yawe meupe, kisha naweka sikio ukutani. Ukuta unasema mengi. Unasema kama bomba limepasuka na limepakwa rangi juu, kama jirani anaoga saa ngapi, na kama watu wa nyumba hiyo hurekebisha vitu au hungoja vivunjike kabisa. Lugha yao naibabaisha, lakini majina ya vifaa niliyajua wiki ya kwanza.

Mji wa kwanza ni mzuri wa kupigwa picha. Mabomba yake ni ya shaba na yamefungwa na watu wenye adabu. Lakini uko kwenye kilima, na kwenda kununua sabuni ni ngazi sitini na nne, nimezihesabu nikipumzika mara mbili. Nilipofika juu nilisahau nilichofuata. Huo niliufuta siku ya pili.

Mji wa pili ndio uliouagiza, Dada, kana kwamba walikuja kunakili kadi yako. Ni tambarare kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyumba niliyoiona iko ghorofa ya chini, ina vyumba viwili vya kulala na jiko lenye dirisha pana, na maji yanakuwa meupe kabla sijafika sita. Hospitali ni mwendo wa dakika kumi na tano na hakuna king'ora kinachosikika. Watu ni wastaarabu. Wanakuinamishia kichwa kidogo, wanapita. Nilikaa siku kumi na moja, na katika siku hizo hakuna aliyeniuliza natoka wapi, nafanya nini, wala kama nimekula. Siku ya tisa nilijikuta dukani nikiuliza bei ya kitu nisichokitaka, ili tu nisikie sauti yangu ikijibiwa.

Huo ndio niliouchagua. Nimetia saini, na ufunguo wake mmoja uko ndani ya bahasha hii, nimeufunga kwenye karatasi laini usitoboe. Wanatutarajia mwisho wa mwezi ujao. Chumba chenye jua la asubuhi ni chako, mimi nitachukua kile kinachopakana na bafu, nimezoea kelele za maji.

Sasa mji wa tatu. Ningeweza kukuambia haukufaa, nikaishia hapo, nawe ungeniamini. Ungefaa. Nyumba ni ya kale, ina ua katikati na chumba na sebule ghorofa ya chini, na mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayekaa juu na kuzungumza na nguo zake anapozianika. Upande wa barabarani kuna duka la mikate. Siku ya kwanza tu mwenye nyumba aliniuliza nakuja na nani. Nikamjibu kama ulivyonifunza, kwamba nina dada yangu mkubwa, amestaafu, ana goti na anapenda chai. Mwoka mikate aliponiuliza nikamwambia hivyo hivyo. Wiki tatu nimekutambulisha hivyo mtaa mzima, na kila neno lilikuwa kweli, lakini nikitoka pale najisikia kama mtu aliyesema uongo.

Nimeufuta mji huo kwa sababu nimeuharibu mwenyewe. Nisikilize mpaka mwisho, tafadhali.

Jumatano ya wiki ile ya tatu mwoka mikate aliniomba nimwangalizie bomba la sinki kule nyuma ya duka, lilikuwa linavuja. Najua niliapa kwamba nimestaafu. Wewe ukiona bomba linadondosha maji mbele yako na spana iko mfukoni, sijui ungefanya nini. Mkewe alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, mimba yake ya miezi minane, anajikanda paji la uso. Mumewe alisema kichwa kinamuuma tangu jana na hataki kula. Mimi nikaingia chini ya sinki langu. Nikiwa huko chini nikamsikia akimwomba mumewe azime ile taa inayometameta. Nikatoa kichwa kutazama. Taa ilikuwa imezimwa, Dada. Nikamtazama yeye, nikaona uso umevimba kuliko siku mbili kabla, na pete yake imezama kidoleni.

Miaka kumi na tisa nimekula chakula cha mchana nikikusikiliza unavyowaelekeza wale wauguzi vijana kwa simu. Kichwa, macho, uso, usisubiri. Nilidhani maneno hayo yanapita tu kama redio ya jirani. Kumbe yaliingia na kukaa. Nikatoka chini ya sinki nikiwa nimelowa, nikamwambia mwoka mikate ampeleke mkewe hospitali sasa hivi, si kesho, si baada ya kufunga duka. Aliniuliza fundi bomba amejuaje mambo ya wajawazito. Na hapo, Dada yangu, nikakutaja. Neno la mkunga kwa lugha yao sikulijua, nikaonyesha kwa mikono, na yeye akaelewa kwamba nina dada mwenye watoto elfu kadhaa. Lakini uso wangu aliuelewa. Aliacha mikate ndani ya tanuri wakaondoka, nami nikabaki kuiokoa. Nusu iliungua.

Walimpasua jioni ile ile. Mtoto ni wa kiume, mdogo, lakini mzima, na mama yake ni mzima. Daktari alimwambia mumewe kwamba wangechelewa siku moja tu, angezungumza naye kwa maneno mengine. Asubuhi mwoka mikate alikuja akasimama mlangoni kwangu na mkate mkononi, tukasimama hivyo mpaka mwenye nyumba akatuuliza kutoka juu kama tumekuwa nguzo.

Mpaka hapo najua utanisamehe, hata wewe ungesema vile vile. Lakini ningeweza kuishia hapo. Ningeweza kusema nilisikia kwenye redio, na mambo yakaisha. Sikufanya hivyo, na hili ndilo ninaloungama. Jumamosi mwoka mikate aliponiuliza, kwa utulivu, huyo dada ni nani hasa, nikakaa kwenye lile gunia nikaongea kwa saa nzima, kwa kubabaisha na kwa mikono. Nilimwambia habari ya siku ile nilipoitwa wodini kwenu kuziba bomba, nawe hukujua kwamba fundi ni mimi. Nilikuwa chini ya sinki, upande wa pili wa pazia, na kulikuwa na mama mmoja analia kwamba hawezi tena. Nikakusikia ukimwambia asiwe na haraka, kwamba wewe huendi popote. Ulimwambia mara nyingi, kwa sauti ambayo nyumbani sijawahi kuisikia. Nilimaliza kazi zamani, lakini sikutoka. Nilikaa pale na spana yangu nikimwonea wivu mwanamke yule nisiyemjua, na papo hapo nikijivuna mpaka macho yakanilowa. Sijawahi kukuambia. Nimemwambia mwoka mikate wa nchi ya watu kabla ya kukuambia wewe.

Kuanzia hapo siri ikawa imekwisha. Mwoka mikate humsimulia kila anayenunua mkate, na mtaa mzima hununua mkate. Mama wa duka la vitambaa ameniuliza utafika lini. Kuna binti wa mimba ya miezi mitano, sijui hata anakaa wapi, ananisalimia kwa heshima ambayo najua si yangu.

Ndiyo maana nilirudi mji wa pili nikatia saini. Niliahidi, na zawadi pekee uliyowahi kuniomba maishani ni hii. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, ukanilipia ufundi, ukanipa chumba nilipobaki peke yangu. Kama unataka kupumzika mahali ambapo hakuna anayekujua, tutakwenda, na mimi nitakwenda kwa roho safi. Kule watu hawaongei, lakini mimi nitakuwa naongea na wewe, na huenda ndani ya mwezi mmoja ukatamani mlango ugongwe. Naogopa kidogo, Dada. Naogopa kwamba nimekuchagulia mji ambamo utakunywa chai yako yote, kisha ukae ukitazama kikombe. Lakini hiyo ni hofu yangu, si yako, na uamuzi ni wako.

Limebaki jambo moja dogo. Mke wa mwoka mikate aliniomba nikuulize kitu, nikakataa. Nilimwambia dada yangu amestaafu. Akasema anaelewa, akaendelea kunitazama. Mtoto analala mno. Inabidi wamkune nyayo ndipo anyonye, ananyonya dakika tatu, anafumba macho tena. Uzito hauongezeki kama walivyotarajia, na yule mama hafungi jicho, anamwangalia tu kama anapumua. Hospitali wamewapa maelekezo, lakini anasema angependa kuambiwa na mtu asiye na haraka. Mimi sikuulizi, nakuarifu tu kama ndugu anavyomwarifu ndugu. Ila najua jibu limekujia kabla hujamaliza aya hii. Liandike kwenye karatasi yake peke yake, usiweke jina, nitalipeleka mwenyewe na sitasema limetoka kwa nani.

Nisalimie mpwa wangu, jirani wa ukuta mmoja, na wote wanaoulizia habari zangu. Lipumzishe goti. Nakungoja, popote utakaponiambia nikungojee. Na ukiona kuandika kunachosha, ukaona ni afadhali umwangalie huyo mtoto kwa macho yako, kile chumba cha chini hakijapangishwa. Mwenye nyumba anasema ana goti lake pia, na hana haraka.

Mimi mdogo wako wa mwisho,
fundi bomba, karibu mstaafu