Kila Sekunde Tano

Jumatatu, 3 Machi
Vigae vimefeli tena. Kumi nimeviweka kwenye mashine, kumi vimekandamizwa hadi vikavunjika, kompyuta ikapiga hesabu ya uimara: wastani 33. Kiwango ni 35. Wiki ya tatu sasa! Meneja kapita mlangoni, kasema hana ubaya na mtu, ila vikiendelea kufeli hadi Jumatano ijayo, msimamizi wa tanuri atahamishiwa ghalani.

Msimamizi wa tanuri ni mume wangu. Miaka kumi na tisa na moto ule, leo akapange maboksi!

Nyumbani kaniuliza, kama kawaida yake, nimemvunjia vingapi. Nikamwambia tanuri limezeeka pamoja na mwenyewe. Kacheka, lakini chakula hakumaliza.

Jumatano, 5 Machi
Nimekagua fomula yote. Upana wa kigae, unene, umbali wa vyuma viwili vinavyokibeba — kila kitu mahali pake. Mama Rula, mwenzangu anayepima unene, kanuna siku nzima kwa sababu nilirudia vipimo vyake. Vyote sahihi. Nimemwomba radhi kwa soda.

Ijumaa, 7 Machi
Ni mimi!

Kigae kimelia tah! na namba kwenye skrini haikutikisika. Nikafungua mipangilio. Kompyuta inasoma nguvu mara moja kila sekunde tano! Nguvu inapanda, kigae kinavunjika kati ya usomaji mmoja na mwingine, yeye kasinzia. Kile kilele hakioni kabisa, halafu anapigia hesabu namba ya nyuma.

Na nani alimruhusu kusinzia? Mwezi uliopita meneja alilalamika kwamba mafaili yanajaza diski. Nikapunguza usomaji, nikapongezwa, nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Nimeweka mara hamsini kwa sekunde. Vigae vya leo: 36. Nikarudi nyumbani na maneno yangu tayari mdomoni.

Kumbe! Mume wangu kanipokea mlangoni, meno yote nje. Meneja keshampigia simu. Tangu Jumanne, kimya kimya, anapoza tanuri polepole zaidi, na vigae vya leo ndivyo vya kwanza. Kaniuliza nani sasa amezeeka. Maneno yangu nikayameza na chai.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepita kazini mara moja. Vilikuwepo vigae sita vya wiki iliyopita, vya upoaji wa zamani. Nimevivunja kwa mpangilio mpya. 36.

Kwa hiyo upoaji wake haujabadilisha chochote. Naye anaimba bafuni!

Jumapili, 9 Machi
Kamweleza kaka yake upoaji. Kamweleza jirani. Kamweleza fundi bomba, maskini, aliyekuja kwa ajili ya sinki tu. Sikumbuki lini nilimwona na furaha hivi. Nampenda, na naona aibu, na naogopa — vyote kwa pamoja.

Jumanne, 11 Machi
Kesho kikao. Hatahamishwa, hilo limekwisha. Ila meneja anataka upoaji mpya uwe utaratibu wa kiwanda. Saa tatu zaidi kwa kila mchomo! Vigae vitapungua kila siku, bure kabisa, kwa ajili ya ulimi wangu mzito.

Mume wangu kaomba nimchapie jedwali la kabla na baada. Tena niweke mshale mwekundu kwenye Ijumaa, wakubwa wasipate taabu ya kutafuta. Nimeweka. Programu ina tabia ya kuandika, kando ya kila jibu, mpangilio wa usomaji uliotumika. Ningeweza kuifuta safu hiyo. Mkono ulifika hadi kwenye kitufe. Nimeiacha.

Sasa hivi yuko mbele yangu mezani, miwani imeteremka puani, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Jumatatu, anaguna. Ijumaa, anatabasamu. Jumamosi — kidole kimesimama. Anauliza vigae hivi sita ni vya mchomo upi. Nimemwambia. Kidole kinarudi juu hadi kwenye mshale, kisha kinahamia pembeni, taratibu, kwenye safu ya mwisho. Anauliza hizi namba ni za nini, na mbona nazo zimebadilika siku ileile. Naweka kalamu chini, nimjibu.