Fromaji ya Ngungu, Mawese ya Kibua

Papa Zakariya,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa inje ya nyumba ya dada yangu hapa Kibua, miguu ndani ya beseni ya maji ya chumvi. Ni siku ya Mungu, hatukutumika. Nimechoka, Papa. Sio uchovu wa jana. Ni ule wa mutu aliyejifunza kazi mara mbili katika maisha moja.

Tangu tulikuzika kule karibu na kambi ya wakimbizi ya Mubambiro, sijakusemesha hata mara moja. Watu wengine wanaongea na wafu wao wakiwa kwa shamba ao njiani. Mimi nilishindwa. Kila nikitaka kusema "Papa," naona ile mvua, na wanaume wa kambi wakiharakisha na majembe kwa sababu kulikuwa wengine wa kuzika. Basi nanyamaza.

Lakini nimetoka Ngungu. Nimefika mupaka kwa nyumba yako. Njo maana naandika.

Unakumbuka nilivyoingia kwa nyumba yako ya kugandisha maziwa kuwa fromaji? Mume wangu alikuwa amekufa, nikaja kuomba kazi yoyote. Hukujibu. Ulinitupia vitambaa vya kukamulia, vichafu, ukanionyesha mutoni kwa kidevu. Nilivifua mupaka wanaume waliokuwa wakitumika pale wakazoea kuniona. Kisha ukaanza kuniita karibu na sufuria. Ulinishika kidole ukakichovya ndani ya maziwa. "Usikisie," ulisema. "Maziwa ikuambie yenyewe. Ikikuuma, umeshachelewa." Ulikuwa na kile kipimo cha joto cha kioo ulichopewa na mapadri, lakini kilikaa kwa mufuko wa koti lako kama kalamu ya mutu asiyeandika.

Ulikuwa mutu mugumu, Papa, leo naweza kusema. Ulichukia radio. Ulichukia mutu anayepiga mbinja ndani ya nyumba ya fromaji. Wewe mwenyewe uliimba, tena vibaya, na hakuna aliyethubutu kukuambia. Miaka mingi sikujua kama kazi yangu inakupendeza. Halafu siku ile wanunuzi walitoka Goma, wakakuuliza kwa nini fromaji za mwezi ule zilikuwa laini vizuri. Hukunitazama hata. Ulisema, "Muulizeni Esperansi. Yeye njo fromajé." Ukaenda kugombana na mutu wa ng'ombe.

Mimi nilibaki nimesimama na kitambaa mukononi. Mupaka siku ile nilikuwa mujane wa fulani, mama ya fulani. Kuanzia pale nilikuwa na jina ambalo sikupewa na ndoa wala na kuzaa. Watu wa soko la Ngungu waliliokota haraka. Mama Fromaji. Hata watoto wangu waliitwa watoto wa Mama Fromaji.

Vita ilipopanda mulima wetu, tulishuka pamoja na wengine wote. Wewe ulikuja na koti yako na mwanao Deo, ng'ombe zikabaki kwa wale wanaozibeba ng'ombe za watu. Kambini, chini ya ile sheeting ya plastiki, kifua chako kilianza kukoroma. Sitarudia habari yake. Ulikuwa pale. Neno moja tu: ulikuwa unaniuliza kama mbao zimegeuzwa, kama fromaji zimepanguswa upande wa chini. Nilikujibu kwamba zimegeuzwa. Ulilala kidogo.

Baada ya kukuzika, Deo alisema atabaki karibu, angojee njia ifunguke. Mimi nilikuja Walikale kwa dada yangu mudogo, yule aliyeolewa hapa Kibua, unamukumbuka, mwenye kucheka kwa sauti. Nilidhani ni wakati kidogo. Hapa hakuna ng'ombe, Papa. Kuna pori, muhogo, ndizi, na mvua ambayo haiulizi mutu. Nililima shamba za watu. Mukono wa jembe sikuwa nimeuacha, lakini jioni nilikuwa nakaa bila kujua mimi ni nani.

Acha nikuambie jambo la kuchekesha. Mutoto wa dada yangu alibatizwa, mimi nikawa mama wa ubatizo. Katekista wao anapenda kila mugeni ajitambulishe mbele ya watu, jina na kazi. Nilisimama. Nilisema, "Naitwa Esperansi, mimi ni fromajé." Mama mumoja wa mbele alimuinamia mwenzake akamuuliza, na nilimusikia vizuri, kama ile ni ugonjwa wa kuambukiza. Dada yangu alicheka mupaka akamupa mwingine mutoto. Nilicheka pia. Lakini kutoka kanisani nilipita nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu nilielewa kwamba nimefika fasi ambapo kazi yangu haina hata neno.

Hapa kuna mujane anaitwa Mama Apolina. Ana mashini ya kukamua mawese, ile ya kuzungusha kwa muti murefu, watu wakitembea kuizunguka. Nilienda kumuomba kazi kama nilivyokuja kwako. Yeye hakunyamaza kama wewe. Aliniangalia juu mupaka chini, akasema, "Weye mutu ya milima, mawese unajua nini? Kwenu munakula ile maziwa iliyooza." Nilimwambia haijaoza. Alisema, "Basi kuja kesho, tutaona nani ataoza kwanza."

Nilianza upya, Papa, na nywele nyeupe kichwani. Kuchambua ngazi za michikichi na miiba yake. Kuzichemusha ndani ya pipa. Kuzunguka na ule muti mupaka mabega yanakataa kuvaa nguo. Nyuzi za ngazi zikitoka kwa mashini zingali na mafuta, na lazima uzikamue kwa mikono zikiwa moto, kwa sababu zikipoa mafuta inabaki ndani. Wiki za kwanza vidole vyangu vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikatoka tena. Mama Apolina alinipaka majani na kunitukana. Mara ya kwanza aliponiachia moto peke yangu, niliunguza pipa zima, ikatoka nyeusi kama mafuta ya gari. Hakunifukuza. Alisema tu nisikilize: maji ikiwa bado ndani ya mafuta, inaongea, ikitoka yote, mafuta inanyamaza, na pale njo unaondoa moto. Nilikaa nikisikiliza mapipa mupaka nikajua.

Siku moja aliniuliza nani alinifundisha kukaa kwa moto bila haraka hivi. Nilimwambia: Papa Zakariya wa Ngungu. Akauliza kama naye alikamua mawese. Nilimwambia hapana, hakuwahi hata kuipenda kwenye sombe, majani ya muhogo. Alishangaa sana.

Sasa wananiita Mama Mawese wa pili, maana wa kwanza ni yeye.

Halafu Deo alipiga simu. Alisema Ngungu imetulia kidogo, watu wanarudi kwa shamba, yeye na muke wake Sifa wamepata ng'ombe chache kwa jamaa ya upande wa Sifa. Alisema, "Mama Esperansi, kuja. Bila weye hii nyumba ya Papa inakufa." Siku zile sikulala vizuri. Nilimuaga Mama Apolina kama mutu asiyerudi. Yeye aligeuza uso, akasema barabara ni mbaya, nivae sweta.

Barabara ilikuwa mbaya kweli. Tulisukuma pikipiki kwa matope zaidi ya kuipanda. Nilipofika juu, baridi ya Ngungu iliponigusa usoni, nilitaka kukuita kwa sauti.

Nyumba iko, Papa. Mabati yote yalibebwa, Deo amefunika upande mumoja kwa sheeting. Zile mbao ulizozipiga randa mwenyewe zilichomwa, watu walipikia. Siwalaumu, walikuwa na baridi na watoto. Ile sufuria kubwa Deo aliikuta kwa jirani, wanawekea maharagi ya mbegu, wakamurudishia bila maneno.

Asubuhi ya pili walileta maziwa. Kidogo, ya ndoo mbili. Deo alikuwa ametafuta ile dawa ya kugandisha kutoka Goma, akaishika kama kitu cha misa. Niliwasha moto. Nilinawa mikono. Nikachovya kidole.

Sikusikia kitu.

Nilichovya kingine. Nilichovya vyote. Ngozi ya vidole vyangu imekuwa kama ya kisigino, Papa. Mawese imeipika. Maziwa ilikuwa inaniambia, na mimi nilikuwa kiziwi. Kile kipimo chako cha kioo kilipotelea kambini pamoja na koti. Deo na Sifa walikuwa wananitazama wakingoja. Nilipandisha mukono wa nguo nikajaribu na ngozi ya ndani ya mukono, karibu na kiwiko, lakini kule hakukufundishwa, hakujui. Nilikisia. Wewe ulinikataza kukisia, na nilikisia.

Ilitoka ngumu. Ukiuma, inalia kwa meno. Deo alikula kipande chake chote akasema ni tamu, ni ile ya zamani kabisa. Nilimwambia, "Deo, usinidanganye. Papa yako angeitupia imbwa." Kisha akasema polepole, "Najua. Lakini tangu tutoke hapa, sikuwa nimekula yoyote." Njo pale nililia, na yeye pia.

Kesho yake nilimuita Sifa karibu na sufuria. Mikono yake ni ya kulima, ndiyo, lakini vidole bado vinasikia. Nilimushika kidole nikakichovya. Nilibaki mupaka maharagi yao yalipovunwa. Mimi nilikuwa naangalia maziwa ikiganda, nilikuwa najua ukataji, chumvi, kugeuza. Joto ilikuwa kazi yake. Alipokosea nilijua kwa kuona, nilipotaka kujua mbele ya wakati nilimuuliza yeye. Fromaji ya mwisho kabla sijaondoka ilikuwa nzuri. Sio kama yako. Nzuri.

Deo aliniomba nibaki kuwa mukubwa wa nyumba. Nilimwambia fromajé wa Ngungu sasa ni Sifa. Alidhani nimekasirika. Hapana, Papa. Ni mwili tu. Kazi moja iliingia mikononi mwangu ikaitoa nyingine, na sina tena miaka ya kubadilishana. Nilidhani nitaumia zaidi kusema hivyo. Niliumia kama mutu anayetua muzigo: mabega yanauma zaidi pale unapouweka chini.

Niliporudi Kibua, Mama Apolina alinisogezea kigoda karibu na pipa. Kuna wanawake wapya wanaokuja kujifunza kwetu, wakimbizi kama mimi, mumoja alikuwa mwalimu, mwingine mushonaji. Wanashika ngazi kama watu wanaoshika nyoka. Ninawapaka majani kwa vidole, lakini nawaambia wafunge vitambaa mikononi wanapokamua, hata kama kazi inaenda polepole. Mama Apolina ananung'unika. Ninamuacha anung'unike. Mwalimu yule lazima siku moja ashike tena chaki.

Sifa anapiga simu akiwa na shida. Namujibu nikiwa kwa moto, mafuta ikiongea pembeni.

Lala, Papa Zakariya. Nimesikia kambi ya Mubambiro ilibomolewa, na sijui kama alama ya kaburi lako bado iko. Sitakuahidi kwamba nitaipata. Ninakuahidi hiki ninachoweza: kila mutu atakayeniuliza nilijifunza wapi kutumika, hata kama ananiuliza habari ya mawese, nitamutajia wewe kwanza.

Mimi,
Esperansi, aliyekuwa mufuaji wa vitambaa vyako.