Maji ya Kuoshea Chenga

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, ukiacha mkono. Wiki jana kipande cha ndoo kilinichana kiganjani nikiilisha mashine ya kusagia plastiki. Zahanati wamenipa antibiotiki za siku saba. Lakini unanijua, kulala tu nyumbani siwezi, kwa hiyo nipo kazini naosha chenga za plastiki kwa maji ya mto, mkono mmoja juu kama bibi harusi anayeogopa kuchafuka.

Na wewe huko maabara, mnatafuta nini siku zote kwenye maji machafu? Nieleze nipate la kuwaringia wenzangu.

Baba yako

11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na mkono. Mimi sijambo, ni kazi tu inayonikimbiza.

Tunachota maji ya mto, tunayachuja, tunapata chembe za plastiki ndogo kuliko punje ya chumvi. Kisha tunapima kilichoganda juu yake. Baba, ni antibiotiki! Dawa wanazomeza watu hutoka na mkojo, hufika mtoni, na plastiki huzinasa. Plastiki ikichakaa na kukwaruzika ndiyo hunasa zaidi. Kwa hiyo hizo chenga zako zinabeba dawa! Waringie. Mengine nitakueleza nikipata nafasi.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono wa kuandikia umevimba, nivumilie mwandiko.

Barua yako nimewasomea wenzangu mara mbili. Vidonge nilimeza siku tatu, tumbo likakataa. Nikajiuliza, najitesa nini na mtoto ameshanionyesha njia? Plastiki ina dawa, na mimi kutwa nipo kwenye plastiki. Sasa kila asubuhi nachovya mkono kwenye pipa la kuoshea chenga, nahesabu hadi mia tatu. Unauma, lakini dawa gani haiumi? Kusomesha mtoto si hasara, jamani!

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Toa mkono kwenye hilo pipa leo hii.

Dawa iliyo kwenye chembe zile ni kidogo mno, haitibu kitu. Bakteria nao wanaishi hapo hapo juu ya plastiki, wanaionja dawa kidogo kidogo mpaka wanaizoea. Wanaobaki ni sugu, na wewe unawapelekea kidonda kilicho wazi. Hayo ndiyo mengine niliyosema nitakueleza. Nilikuwa na haraka, nikataka ufurahi, nikaacha la maana. Nisamehe.

Nenda hospitali kubwa. Waambie yote, hata vidonge ulivyoacha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Naogopa, Baba. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimepiga simu ofisini kwenu, mlinzi anasema siku ya nne hii hujaonekana kazini, na wa mwisho kukuona anasema ulikuwa unatetemeka juani. Silali, sili. Nikipima maji hapa maabara nauona mkono wako tu.

Nimeomba ruhusa, nimepewa kuanzia tarehe 20. Barua hii ikikukuta, mpe yeyote aniandikie uko wapi.

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Barua zako wameniletea hospitali. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo maneno ni machache.

Dawa ya kwanza iligoma, ya pili ikagoma. Wakapeleka usaha kupimwa, wakapata ya sindano, hiyo ndiyo imekubali. Vidole viwili vimekwenda. Homa imeshuka tangu juzi, na uji nakunywa mwenyewe, mwingine unaishia kifuani.

Daktari ana hasira. Aliniuliza ni mjinga gani aliyenidanganya kwamba maji yale ni dawa. Nimemwambia hakuna mtu, nilijitungia mwenyewe, na ameandika hivyo kwenye faili. Ukija usimwambie vingine.

Baba yako