Pijo, Landrova na Mkamwana

Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Mimi mzima, kazi tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia naikosoa Landrova yako unakata.

Mke wangu Sekela atajifungua Aprili, mvua zikiwa zimeshika, nami sitapata ruhusa. Tafadhali umpeleke hospitali ya Makandana na Pijo 504 iliyoko hapo nyumbani. Ina injini ya lita mbili, inafika 160, springi zake laini na breki za mbele ni za diski. Landrova 109 ina lita mbili na robo, lakini ikifika 90 inalia kama mashine ya kusaga, na springi zake za vyuma bapa zinamrusha mtu mpaka darini. Usimpakie mjamzito humo.

Mwanao,
Obed

Nyumbani, Rungwe, 12 Machi 2024

Mwanangu, ugonile. Tunapumua, ila mama yako magoti yanamsumbua.

Unanisomea vitabu vya magari kana kwamba si mimi niliyekufundisha gia! Diski zako zitafanya nini kwenye tope letu? Pijo tumbo lake liko chini, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Landrova inavuta kwa yote manne, na kwa gia nzito inapanda kilima cha chai huku naimba. Mkeo atapanda nyuma, bodi ikitutenga, kwenye godoro, mama yako ubavuni. Kwenye Pijo angekaa wapi, mgongoni kwangu? Mkamwana hakai chumba kimoja na mkwe wake. Hilo halimo vitabuni mwako.

Baba yako

Dar es Salaam, 21 Machi 2024

Baba, shikamoo. Kumbe si tope, ni mwiko.

Sekela yuko kwako miezi minne na hajakutamkia neno. Ukikohoa tu anapitia nyuma ya migomba. Ni heshima, sikatai. Lakini mtoto hajui mila. Nakuomba kama sijawahi kukuomba: Pijo. Naogopa, baba.

Mwanao

Nyumbani, 30 Aprili 2024

Mwanangu, salamu zimenishinda. Mama yako alikupigia kwamba mtoto hakuishi. Yaliyobaki tunayajua mimi na mkeo tu.

Uchungu ulimwanza mchana, mama yako na majirani wakiwa msibani Kiwira. Jua lilikuwa limewaka siku tatu, barabara imekauka. Pijo ingepita. Nikawasha Landrova, naye akapanda nyuma peke yake.

Baada ya kilima nikasikia kitu kinagonga bodi nyuma ya kichwa changu. Nikasema ni tairi la akiba, siku zote linagonga. Nikakanyaga mafuta. Kikagonga tena. Kina mama wachuma chai walikuwa kando ya barabara. Ningesimama, wangempokea mtoto. Niliwapita huku naisifu injini.

Siku ya kutoka hospitali nilimfuata na Pijo. Nikamfungulia mlango wa mbele. Alisimama muda mrefu, kisha akaingia, uso dirishani. Gari ile haina kelele, ulisema kweli. Tulipofika kwenye chai nikaisikia sauti ya mkeo kwa mara ya kwanza.

"Niligonga, baba."

Baba yako