Niliwapa Watu wa Matoroli Vibao Vilivyopinda

Alhamisi, Agosti. Berea, Johannesburg.

Upepo wa leo ni ule wa Agosti, unaopasua midomo na kuingiza vumbi hadi kwenye kopo la sukari. Jua lipo, ila ni jua la kutazama tu, halimpashi mtu moto. Saluni sikufungua. Mteja wangu wa asubuhi nimempigia nikamwambia naumwa, na si uongo sana.

Nimeharibu. Niandike hivyo hivyo, maana tangu juzi nazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi naitwa Faraja, msusi, saluni yangu iko Malvern, Jules Street. Msusi yeyote wa barabara ile anayajua magunia ya nywele za bandia, meshi tunavyoziita sisi wa Bukavu, zinazofumuliwa vichwani na kutupwa. Haziozi zile. Mimi na Lindiwe tunaziyeyusha na kuzikandamiza ziwe vibao vya dari, kwa ajili ya nyumba za mabati ambazo baridi ya huku inaingia bila hodi. Lindiwe ni mwenyeji wa hapa Joburg, fundi aliyesomea ufundi wake chuoni. Alianza kama mteja wangu, leo ni ndugu. Mashine yetu iko kwenye gereji tuliyopanga Bertrams, na kampuni iko kwa jina lake, kwa sababu mimi ni mkimbizi na ruzuku tunayoiomba ni ya wenye nchi.

Ruzuku yenyewe inatoka serikalini. Inapewa biashara ndogo zinazofanya utafiti wa teknolojia ambayo bado ni changa. Mchujo wa kwanza tulipita, nikarukaruka saluni mpaka mteja akadhani nimeungua na maji ya moto. Juzi Jumanne wakaja watu watatu kuikagua karakana.

Sasa Lindiwe ana kazi inayomngoja Cape Town. Amewaomba wamvumilie mpaka Jumatatu ijayo, siku ambayo na sisi tutapewa jibu letu. Tukipata, anabaki. Tukikosa, anaondoka, na vibao vinaondoka naye. Sitamlaumu, ana mama mgonjwa wa kumtunza.

Haya, sikieni nilichofanya.

Vibao vyetu vina ugonjwa. Vikikaa wiki kadhaa chini ya bati la moto, vingine vinajikunja pembeni kama chapati iliyosahauliwa kwenye sahani, na vingine vinabaki vimenyooka. Kwa nini, hatujui. Lindiwe alikuwa amevitunza vyote vilivyoharibika, akavipanga kwenye rafu, kila kimoja na tarehe yake kwa kalamu nyeupe. Jumatatu jioni nilienda gereji peke yangu kufanya usafi. Nikaitazama ile rafu. Aibu ikanishika.

Kwetu mgeni haingii jikoni. Mgeni akibisha hodi nyumbani kwa mama yangu, sufuria yenye masizi ilikwenda chini ya kitanda, ugali ulioungua ulikwenda kwa mbwa, na sisi watoto tulifutwa kamasi kabla mlango haujafunguliwa. Na tangu nifike nchi hii nimezidisha, maana mtu wa kuja akikosea kidogo tu anaulizwa kwa nini asirudi kwao. Nimezoea kuonyesha kilichoiva peke yake.

Basi wakapita wale wanaume wanaosukuma matoroli ya kuokota plastiki ya kuuza. Nikawaita. Wakavibeba vyote, wakaniambia, "Sharp, mama," ndiyo asante ya vijana wa huku. Nikarudi ndani nikapiga deki huku naimba wimbo wa kanisani.

Naimba! Mama weee, mimi huyu.

Jumanne Lindiwe aliingia na wageni, akanyoosha mkono kuelekea rafuni kabla hajaiangalia. Mkono ukabaki hewani. Mmoja wa wale watatu, mama mwenye mvi na sauti ya upole, akauliza, "Na vile vilivyoshindikana viko wapi?"

Lindiwe hajafungua hata mdomo, mimi nikadakia, "Hakuna, mama. Vyetu vyote vinatoka vizuri."

Yule mama akanitazama kidogo. "Kama vyote vinatoka vizuri, mnataka kutafiti nini? Ni kitu gani hamkijui bado?"

Mimi, ambaye saluni nzima inaniomba ninyamaze, nikaanza kumtafutia kiti! Lindiwe alijitahidi kueleza habari ya kupinda, lakini bila kibao mkononi maneno yake yalisikika kama visingizio, tena yalinifanya mimi mwongo mbele ya watu, na nilikuwa mwongo kweli. Mama mwenye mvi hakukasirika. Alisema fedha hizi ni za kutafutia majibu, na mwenye majibu tayari aende benki. Walipotoka akageuka mlangoni akasema kama tuna ushahidi wowote wa kuongeza, uwafikie Ijumaa kabla ya mchana.

Lindiwe hakunigombeza. Angenigombeza ningelala. Aliketi juu ya kreti, akasema, "Eish, Faraja. Vile ndivyo vilivyokuwa kazi yetu." Kisha akachukua koti lake. Tangu hapo simu zangu hapokei.

Jana nilikwenda mpaka kwa wanunuzi wa plastiki. Vilikuwa vimeshasagwa.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeisema methali hiyo tangu utoto, nimewaambia hata wateja. Sikuwahi kujiuliza mwenyeji atapona vipi ikiwa ugonjwa ameusukuma chini ya kitanda. Nimelia leo asubuhi bafuni na maji yakiwa yamefunguliwa, ili Mama Riziki asinisikie.

Mama Riziki ni Mrundi, tunachangia naye hii fleti. Mchana huu alikuwa jikoni anamenya viazi, akaanza kunung'unika: "Faraja, hiki kibao chako cha dirishani kinazidi kujikunja. Upepo wote unanipiga mgongoni, utaniua."

Nilikuwa nimeinua kikombe. Nikakiweka chini.

Kioo cha dirisha lile kilivunjwa na mvua ya mawe msimu wa joto uliopita, nikaziba na kibao kimoja cha mwanzo kabisa. Nilikisahau. Kimekaa pale kimepigwa jua, mvua na baridi hii kavu. Nimepanda kwenye kiti nikakikagua. Upande wa juu umejikunja vibaya. Upande wa chini, ambao rafu iliyopigiliwa nje katikati ya dirisha inauwekea kivuli, umenyooka kabisa. Kibao kimoja! Kwa nyuma mwandiko wa Lindiwe upo, na tarehe yake. Je, ni jua peke yake, au ni zile meshi tulizochanganya siku ile? Sijui. Kweli kabisa sijui, na nimesema "sijui" kwa sauti mpaka Mama Riziki akaacha kumenya akanitazama.

Nimekitoa na bisibisi. Mama Riziki amepiga kelele zote za Kirundi anazozijua, mwisho akaleta blanketi lake mwenyewe tukaziba nalo. Jiko limekuwa friji.

Nimemtumia Lindiwe ujumbe: "Nimepata kimoja. Kimepinda vibaya sana. Kesho nakipeleka, uje usije, na nitawaambia nilidanganya."

Huenda ameshawakubalia watu wa Cape Town. Huenda yule mama mwenye mvi atanitazama kesho na kumwona yule yule mwongo wa Jumanne, safari hii na kibao kwapani. Hata hivyo nitakwenda.

Simu imelia sasa hivi. Ni Lindiwe, maneno mawili tu: "Usikisafishe, tafadhali."

Kibao kiko mezani mbele yangu, kimejaa vumbi, buibui na mavi ya njiwa. Na mkononi, Mungu wangu, nilikuwa nimeshashika kitambaa cha maji.

Nimekirudisha kitambaa ndooni.