Fomu Uliyojaza kwa Penseli

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mfungie mbwa kabla hujatoka.

Asubuhi nilisema miaka thelathini ya kuwa bwana misitu wa serikali imenipa magoti mabovu tu, nikachukua kifutio, nikafuta chaguo lako kwenye fomu ya chuo. Ulipojifungia chumbani ndipo nikashtuka: fomu nzima umeijaza kwa penseli, kama nilivyokufundisha utotoni, kwamba porini mvua huosha wino. Kumbe ulikuwa unanisikiliza.

~~Ila uhasibu nao si mbaya.~~ Hapo usisome.

Maneno "Usimamizi wa Misitu" bado yanaonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Nimekuachia kalamu yangu ya wino. Yapitie mwenyewe, nisiweze kufuta tena.

Baba